Vitabu vya Kubishania

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye ninayechagua vitabu vya kikundi chetu cha kusoma hapa Morogoro, huniomba orodha. Wengine ni walimu, wengine wana vikundi vya mtaani au vya vicoba ambavyo vimechoka kuongelea marejesho tu, wanataka vitabu vya historia na vya mambo ya jamii vitakavyowaamsha watu. Orodha ninayo, lakini siitangulizi. Nauliza kwanza: hao watu wako ni kina nani, wametokea wapi, wameona nini maishani mwao? Kitabu kinachomfaa mtu akiwa peke yake chumbani huenda kikafa kabisa kikifikishwa barazani. Cha barazani lazima kiseme jambo ambalo angalau mmoja wa waliokaa pale anaweza kumjibu mwandishi: hapo umepatia, hapo hapana, mimi nilikuwepo.

Kikundi chenyewe hukutana Jumamosi alasiri barazani kwa mama mmoja mwenye duka la dawa muhimu. Yupo mwalimu mstaafu wa sekondari, mtu wa Iringa. Yupo muuguzi, yupo fundi cherehani aliyekulia Kariakoo, wapo wanafunzi wa chuo wanaokuja na kupotea kufuatana na mitihani yao, yupo dereva wa bajaji anayesoma kuliko sisi wote, na yupo bibi mmoja wa Kigogo, mama mzazi wa mwenye baraza, ambaye Kiingereza hajui lakini hakosi. Kwa kuwa vitabu vingi kuhusu historia yetu vimeandikwa kwa Kiingereza, tunagawana sura. Mwenye sura anaisoma kwake, anakuja kuisimulia kwa Kiswahili bila kushika karatasi. Ambaye hakuelewa hujulikana mapema, kwa sababu hukimbilia kutaja majina makubwa. Na tuna sharti moja lililozua manung'uniko mwanzoni: aliyesoma shule zaidi hasemi wa kwanza.

Kila anayeniomba orodha anatarajia nianze na Walter Rodney. Kitabu chake, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka mwaka 1972 London na Dar es Salaam, hapa kwetu kikichapishwa na Tanzania Publishing House, wakati mwenyewe anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sina neno baya juu ya kitabu hicho. Ila kwa kikundi kichanga kina tatizo lake: wote wanakubali. Mmoja anasimulia biashara ya watumwa, mwingine mkonge na pamba, mwingine reli zinazotoka bara moja kwa moja hadi bandarini. Vichwa vinatikiswa, mzee anasema "walituibia sana hawa," chai inaletwa, watu wanaulizana habari za mvua.

Dawa niliyoipata ni kukianzia mwishoni. Maneno ya kufunga kitabu kile yameandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa waziri katika serikali ya Muungano. Mwaka uleule kitabu kilipotoka, Babu alipoteza uwaziri mwezi Februari, na Karume, Rais wa Zanzibar, alipouawa mwezi Aprili akawekwa kizuizini, akakaa humo hadi mwaka 1978. Basi nikalitupa swali hilo katikati: mtu aliyetuandikia kwamba tuuvunje mnyororo wa ukoloni alifungiwa na sisi wenyewe. Rodney anatusaidiaje kulielewa hilo? Hapo baraza likawaka. Mwalimu mstaafu akatetea kwamba nchi changa ilikuwa imezungukwa na maadui. Dereva wa bajaji akasema hapana, mbona Rodney mwenyewe tangu utangulizi anaonya kwamba hasemi haya ili kuwaondolea Waafrika jukumu la maendeleo yao? Alikuwa ameuweka alama ukurasa kwa risiti ya mafuta. Na mtu akitaka kuendeleza mjadala, akumbuke kwamba Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980, katika nchi yake iliyokwisha kuwa huru, akiipinga serikali ya nchi hiyohiyo.

Kitabu kilichotushika kwa muda mrefu kuliko vyote, na ambacho nampa kila mwenye kikundi cha Watanzania walio na wazee ndani yake, ni cha James C. Scott, Seeing Like a State, cha mwaka 1998. Usikichukue chote. Ni kinene, na kuna sura za Brasilia na Lenin ambazo zinaweza kusubiri. Soma sura ya kwanza, halafu ruka hadi ya saba.

Ya kwanza inaanza na msitu wa Ujerumani. Maofisa wa misitu wa Prussia na Saxony walitaka kujua watavuna mbao kiasi gani kila mwaka, kwa hiyo wakaufyeka msitu wa asili wenye kila aina ya miti, vichaka, nyuki na mitishamba, wakapanda miti ya aina moja, umri mmoja, mistari imenyooka. Zao la kwanza lilikuwa la ajabu. La pili likaanza kudorora, kwa sababu udongo ulikuwa umelishwa na mambo yale yale waliyoyaona takataka. Fundi cherehani ndiye aliyesimulia sura hiyo, na alipomaliza akasema kwamba hajaona bado hilo linamhusu nini yeye. Nikamwambia subiri Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya sura ya saba, nayo ni Operesheni Vijiji. Scott anaandika kwamba Watanzania wasiopungua milioni 5 walihamishwa kati ya mwaka 1973 na 1976. Nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, ramani ikapendeza, mkulima akajikuta yuko mbali na shamba lake na kwenye udongo asioujua tabia zake. Mwanafunzi aliyepewa sura hiyo aliisimulia vizuri. Alipofika mahali pa nyumba kubomolewa ili watu wasirudi, bibi akamkatisha.

"Mwanangu, ngoja. Sisi walikuja na lori. Tukaambiwa toeni vyombo. Tembe letu wakaling'oa paa tukiwa tunaangalia, mtama bado uko shambani. Mtoto mgongoni."

Watu kimya. Mwanafunzi, nadhani kwa furaha ya kupata ushahidi, akasema, "Kwa hiyo bibi, Scott yuko sahihi kabisa."

"Sijamaliza. Shule ilikuwa hukohuko tulikotupwa. Huyu mwanangu mwenye duka la dawa, ndiye wa kwanza kwetu kujua kusoma. Tungebaki kule kwenye tembe angesomea wapi? Huyo Mzungu wako ameliandika hilo?"

Ameliandika, kwa kiasi. Scott anakiri kwamba nia ilikuwa kuwafikishia watu shule, zahanati na maji, na anasema ukilinganisha na Urusi ya Stalin, Tanzania ilikwenda kwa upole. Mwanafunzi alimweleza hivyo. Bibi hakuridhika, na sidhani alitakiwa kuridhika. Swali lake lilikuwa gumu kuliko kitabu: jambo moja lilimdhulumu na kumfaa, kwa mkono uleule, na yeye hataki kuchaguliwa upande. Tulibishana wiki kadhaa. Mwalimu mstaafu alishikilia kwamba njaa ya miaka ya 1973 na 1974 ilitokana na ukame, vijana wakashikilia kwamba huwezi kuwahamisha wakulima mbali na mashamba yao ukategemea mavuno. Muuguzi akauliza kwa nini haiwezi kuwa vyote viwili, akazomewa na pande zote.

Katikati ya ubishi huo mwalimu mstaafu akaleta jambo la kwao. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima wa mahindi aitwaye Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma ujamaa kwa nguvu, wakiwa wanagombana shambani kwake. Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Mwalimu alikuwa kijana wakati huo. Alisema kwamba kwao jina la Mwamwindi husemwa kwa sauti ya chini hadi leo, na kwamba yeye mwenyewe darasani, miaka yote aliyofundisha historia, hakuwahi kulitaja, kwani halikuwa kwenye muhtasari. Ndiyo maana nasema kitabu cha kikundi kipimwe kwa kile kinachowafanya watu waseme ambacho hakimo ndani yake.

Ukikichagua Scott, usikiache peke yake. Kiwekee pembeni Ujamaa Vijijini, kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1967, ambamo anasema waziwazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Halafu waulize watu: ilikuwaje kutoka hapo mpaka Novemba 1973, alipotamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri? Na kama kikundi bado kina pumzi, tafuteni habari za Litowa na wenzake kule Ruvuma, vijiji vilivyojiendesha vyenyewe kwa hiari, jumuiya yao ikaja kuvunjwa na uongozi wa TANU mwaka 1969. Habari hiyo iliwaumiza wanachama wetu waliomwabudu Mwalimu, na iliwavuruga vilevile waliomchukia, kwa sababu ilionyesha kwamba ujamaa wa hiari ulikuwepo na ulikuwa unatembea.

Kitabu cha pili ambacho sikosi kukitaja huwafanya watu wacheke kwanza. Luise White, Speaking with Vampires, mwaka 2000. Kinahusu mumiani. Hakuna mtu aliyekulia pwani au Dar ambaye hakutishwa na mumiani utotoni: usitembee usiku, utanyonywa damu. Nairobi na Kampala waliwaita wazimamoto, kwamba ile gari nyekundu haikuwa ya moto bali ya kubebea watu. White alianza kuzisikia hadithi hizo miaka ya 1970, akiwahoji wanawake wazee wa Pumwani, Nairobi, kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. Badala ya kuzifuta kama upuuzi, aliuliza: watu waliposimulia kwamba serikali inanyonya damu, walikuwa wanaeleza nini kuhusu kazi, hospitali, magari na mishahara ya ukoloni?

Niliweka kitabu hicho nikijua kwamba wasomi wetu watakidharau na wasiosoma sana watakipenda, na ndivyo ilivyokuwa, kwa nusu saa. Kisha muuguzi akaeleza mambo aliyokutana nayo wakati wa chanjo ya Uviko: mama mtu mzima, mwenye akili timamu, anamwuliza taratibu kama kweli ile sindano inakwenda kuwapunguza Waafrika. Zamani angemjibu kwa ukali. Akasema baada ya kusoma sura mbili za White alijikuta anataka kumwuliza yule mama: ni lini hospitali iliwahi kukudanganya? Sijui kama White angeipenda tafsiri hiyo, lakini ilitupeleka mbali kuliko hoja yoyote kuhusu elimu ya afya.

Sasa kuna kitabu ambacho karibu kila mwanakikundi hufika amekisoma, bila kugawana sura wala kutafsiriana, kwa kuwa kiko kwa Kiswahili, nacho ni Desturi za Wasuaheli. Kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, lakini sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Ukitaka kuwaonyesha watu kwamba elimu ya jamii haikuanza na maprofesa wa kigeni, waonyeshe hiki. Kuna uzazi, jando, harusi, ngoma, madeni, uganga, na kuna utumwa. Hapo penye utumwa ndipo kazi ilipo. Mtoro anaeleza bila kupepesa macho tofauti ya mtumwa mzalia na mtumwa mjinga aliyeletwa karibuni, na jinsi zamani mtumwa asivyovaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Anaandika kama mtu anayeeleza jinsi wali unavyopikwa.

Bara la Tanganyika lilifuta utumwa kisheria mwaka 1922. Maana yake wapo watu walio hai waliobebwa mgongoni na bibi waliokuwa watumwa. Ukisoma sura hizo na watu wa pwani, chunga. Kwetu fundi cherehani alicheka alipofika kwenye kofia na viatu, akatazama huku na huku, akaona hakuna anayecheka naye. Dada mmoja wa Bagamoyo, aliyekuwa mgeni siku hiyo, alisema tu kwamba kwao majina mengine ya familia hayaulizwi yametoka wapi. Hatukumbana. Nawashauri na wengine wasimbane mtu. Kitabu kinachowagusa watu si ruhusa ya kuwapekua.

Wakenya wanaoniuliza huwa nawaambia wachukue jozi: Caroline Elkins, Britain's Gulag, na David Anderson, Histories of the Hanged, vyote vya mwaka 2005, vyote kuhusu Mau Mau. Anderson amefuata kesi za mahakamani, anahesabu walionyongwa: 1,090. Elkins amefuata kambi na vijiji vya kufungia watu, akatoa makadirio ya waliopotea yanayofika laki kadhaa, na mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, akayapinga mwaka 2007 akisema waliokufa ni kama 50,000. Hapo kikundi kinajifunza jambo ambalo shuleni halifundishwi, kwamba wanahistoria hugombana juu ya namna ya kuhesabu maiti, na kwamba kubisha idadi hakumaanishi kukana mateso. Serikali ya Uingereza yenyewe mwaka 2013 ilikubali kuwalipa walalamikaji 5,228 pauni milioni 19.9. Waulize watu wako waigawe hiyo hesabu, halafu wakae kimya kidogo.

Na vile vitabu vinene vinavyoeleza historia ya binadamu wote tangu mapangoni mpaka kompyuta? Vijana wanavitaka, vinauzwa hata kwenye meza za vitabu barabarani. Mimi si mpenzi wake kwa kazi hii. Vinazungumza juu ya kila kitu, kwa hiyo hakuna mwanakikundi mwenye ushahidi wa kukataa, kila mtu anageuka mwanafalsafa, na anayeongea zaidi ndiye anayeshinda. Jared Diamond, Guns, Germs, and Steel, nakikubali kwa sharti moja: ile sura ya Afrika peke yake, inayohusu kuenea kwa Wabantu. Hapo Mgogo, Mmasai na Mluguru waliokaa benchi moja wana la kusema kuhusu nani alimkuta nani, hata kama hawatasema sawasawa na kitabu.

Mambo mengine ni madogo lakini yanaua vikundi, nitayapitia haraka. Kurasa zisizidi arobaini kwa wiki. Swali la kuanzia litumwe kwenye simu siku mbili kabla, moja tu. Msimwalike profesa kabla hamjabishana wenyewe, kwani akishaongea yeye wote watakuwa wanafunzi tena. Nakala moja iliyopigwa mhuri wa maktaba ya chuo fulani cha Ohio, ambayo tuliipata kwa wauza vitabu vya mtumba Dar, imezunguka kwetu hadi gamba limetoka, na hakuna aliyelalamika. Kitabu kikikosekana, someni sura moja mliyonayo vizuri kuliko kukisubiri chote.

Zamu inayokuja tumepanga kusoma vitu vitatu kwa pamoja, na ugomvi umeshaanza kabla ya kufungua ukurasa. Kimoja ni historia ya TANU iliyotolewa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981, ile rasmi. Cha pili ni cha Mohamed Said kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 na baadaye kwa Kiswahili, kinachodai kwamba hiyo historia rasmi iliwaacha nje wazee wa Kiislamu wa Dar es Salaam walioandaa uwanja kabla ya chama kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954. Cha tatu ni cha Susan Geiger, TANU Women, cha mwaka 1997, ambacho kinawauliza wote wawili wanawake wako wapi, kisha kinampisha Bibi Titi Mohamed na wenzake wa vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, waeleze wenyewe jinsi walivyokijaza chama wanachama.

Mwalimu mstaafu amechukua Kivukoni, anasema lazima kuwe na mtu wa kuitetea. Fundi amechukua Sykes, kwa sababu anadai babu yake alikuwa anakunywa kahawa mtaani Gerezani na hao watu na hatasimuliwa na mtu wa Iringa. Bibi ametaka sura za Bibi Titi, na ametaka asimuliwe na muuguzi. Wanafunzi wa chuo hawataki, anasema wanaongea mbio.